Muuguzi mpya Marekani: mwaka wa kwanza baada ya leseni

Vijana wenye asili ya Afrika Mashariki wanaohitimu uuguzi katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo kwa kawaida hawakai muda mrefu bila ajira. Mtihani mgumu zaidi kwao huanza baada ya kuajiriwa.

Kusini mwa mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, kuna eneo linaloitwa South End. Ulimwenguni mji huo hujulikana zaidi kuwa ndiko alikozaliwa bondia Muhammad Ali mwaka 1942. Lakini kwa miongo kadhaa sasa mitaa ya South End, hasa Beechmont na Iroquois, imekuwa makao ya wakimbizi na wahamiaji kutoka pembe nyingi za dunia. Miongoni mwao wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Wamo pia Wasomali wa asili ya Kibantu, ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi miaka ya 2003 na 2004, na ambao baadhi yao ni wazao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanzania ya leo.

Hali inayofanana na hiyo ipo Columbus, katika jimbo la Ohio, penye mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, na Buffalo, katika jimbo la New York, ambako Wakongo na Warundi wameanzisha makanisa na maduka yao. Ingawa serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025, familia zilizokuwa zimefika zina watoto waliosoma huko huko na sasa wanatoka vyuoni.

Kwa wengi wao uuguzi ni njia iliyokwisha kukanyagwa na waliotangulia. Mtu huanza kama msaidizi wa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo mafunzo yake huchukua wiki chache tu. Akiwa kazini hujiunga na chuo, akapata stashahada ya miaka miwili au shahada ya miaka minne. Wote wawili hufanya mtihani mmoja wa leseni, na wote wawili huitwa wauguzi waliosajiliwa.

Mtihani na leseni

Mtihani huo, unaojulikana kwa kifupi kama NCLEX-RN, hufanywa kwa kompyuta tangu mwaka 1994. Kompyuta humpa kila mtahiniwa maswali kulingana na alivyojibu yaliyotangulia. Tangu Aprili 2023 mtihani una maswali kati ya 85 na 150, muda wa saa tano, na umeongezewa visa vya wagonjwa ambavyo mtahiniwa hutakiwa kuvichambua hatua kwa hatua. Anayeshindwa husubiri siku 45 kabla ya kujaribu tena.

Waliosomea Marekani wengi hufaulu mara ya kwanza. Kwa waliosomea nje ya nchi kiwango cha kufaulu huwa chini sana, na wao huwa na kazi ya ziada ya kuthibitisha vyeti vyao kabla ya kuruhusiwa kuketi chumba cha mtihani. Kwa mkimbizi aliyeondoka Bukavu au Bujumbura bila karatasi, na ambaye chuo chake kimefungwa au hakijibu barua, hatua hiyo peke yake inaweza kula miaka. Baadhi huamua kuanza masomo upya.

Leseni nayo ina mipaka yake. Kentucky na Ohio ni wanachama wa mkataba wa majimbo unaomruhusu muuguzi kufanya kazi katika jimbo jingine mwanachama bila kuomba leseni nyingine. Ohio ilianza kuutekeleza Januari 2023. Kwa kuwa Indiana nayo imo tangu mwaka 2020, muuguzi mkazi wa South End mwenye leseni ya aina hiyo anaweza kuvuka Mto Ohio na kufanya kazi Jeffersonville au New Albany. Hadi mwaka 2025 jimbo la New York lilikuwa bado nje ya mkataba huo, hivyo leseni ya Louisville haikumtosha anayehamia kwa jamaa zake Buffalo.

Tofauti na nyumbani

Hapa ndipo penye tofauti kubwa ambayo wazazi na jamaa walioko Afrika Mashariki huenda wasiijue. Nchini Tanzania na Kenya, mhitimu wa shahada ya uuguzi hupitia mwaka mmoja wa utarajali. Huwa hospitalini, huhudumia wagonjwa, lakini yuko chini ya uangalizi, na mfumo mzima unamtambua kuwa bado anajifunza.

Marekani haina utarajali wa lazima wa namna hiyo kwa wauguzi nchini kote. Aliyefaulu mtihani leo huweza kupata leseni kamili ndani ya siku au wiki chache, na kisheria anabeba wajibu ule ule wa muuguzi mwenye miaka ishirini kazini. Muda atakaopewa wa kufuatana na muuguzi mlezi huamuliwa na mwajiri. Katika hospitali moja unaweza kuwa miezi mitatu au zaidi, na katika nyumba ya wazee iliyopungukiwa na wafanyakazi unaweza kuwa siku chache.

Zipo hospitali zilizojiwekea utarajali wa hiari. Mpango mmojawapo unaojulikana zaidi ulianzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa hospitali za vyuo vikuu na chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, nao huchukua miezi 12. Mwaka 2010 taasisi ya kitaifa ya tiba ya nchi hiyo ilipendekeza mipango kama hiyo ienezwe kila mahali. Hata hivyo pendekezo hilo halikugeuzwa kuwa sheria ya nchi nzima, na mhitimu anayekubali kazi ya kwanza inayojitokeza huweza kujikuta nje ya ulinzi huo pasipo kujua kwamba upo.

Mshtuko wa wodi

Tatizo lenyewe si geni. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani Marlene Kramer alichapisha kitabu kuhusu sababu za wauguzi kuiacha kazi yao, na akaliita jambo hilo mshtuko wa uhalisia. Alieleza kwamba mhitimu hupita katika vipindi vinne. Mwanzo ni fungate, kila kitu kinapendeza. Kisha hufuata mshtuko, pale anapotambua kwamba alivyofundishwa na anavyotakiwa kufanya ni mambo mawili. Baadaye hupata nafuu, na hatimaye hutulia, ama kwa kuyapatanisha mambo hayo mawili, ama kwa kuondoka.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, Patricia Benner alionyesha kwamba ujuzi wa muuguzi hukua kwa ngazi tano, na kwamba huchukua kiasi cha miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja kabla mtu hajawa mahiri wa kupanga na kutanguliza mambo. Kwa maneno mengine, muuguzi wa miezi sita anayehisi hajui kitu hana kasoro. Yuko pale ambapo wenzake wote wamepita.

Chuoni mwanafunzi huhudumia mgonjwa mmoja au wawili, na mwalimu yuko karibu. Wodini zamu huwa ya saa 12, aghalabu usiku kwa wageni kazini, na wagonjwa huwa wanne, watano, au sita. Mmoja anasubiri dawa ya maumivu, wa pili anarudi kutoka chumba cha upasuaji, wa tatu shinikizo la damu linashuka, na simu ya ndugu wa wa nne inalia. Mtihani humuuliza mtahiniwa aanze na yupi; wodi humtaka aanze huku akijua kwamba hao wengine wanangoja.

Idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja ni suala la kisiasa pia. California ilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika mwaka 2004, na sasa muuguzi wa wodi ya kawaida haruhusiwi kupewa zaidi ya wagonjwa watano. Kentucky haina kikomo kama hicho. Upande wa kusini wa Buffalo, wauguzi na wafanyakazi wengine wa hospitali ya Mercy waligoma tangu tarehe 1 Oktoba 2021 kwa zaidi ya mwezi mmoja, na uhaba wa wafanyakazi ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu. Mkataba uliomaliza mgomo huo uliweka viwango vya idadi ya wafanyakazi kwa wagonjwa.

Majina ya dawa, vipimo na saa

Kwa muuguzi aliyesomea nyumbani, hatari nyingine imejificha katika mambo madogo. Dawa anayoijua kama paracetamol huitwa acetaminophen nchini Marekani. Salbutamol huitwa albuterol, adrenaline huitwa epinephrine, na pethidine huitwa meperidine. Homa hupimwa kwa Fahrenheit, ambapo nyuzi 100.4 ndizo 38 za Selsiasi. Sukari ya damu huandikwa kwa miligramu, ambapo 126 ni sawa na 7 katika kipimo kinachotumika Kenya na Tanzania. Mgonjwa hutaja uzito wake kwa ratili ilhali dozi nyingi hupigwa kwa kilo. Ratili 154 ni kilo 70. Tarehe nayo huanza na mwezi, hivyo 03/04 ni tarehe 4 Machi.

Hata aliyesomea Marekani tangu utotoni hukutana na mtego wa saa. Mgonjwa Mswahili akisema alimeza dawa saa mbili, anaweza kuwa na maana ya saa nane za Kizungu, asubuhi au usiku. Mkongo aliyezoea kuhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa anaweza kuwa na maana ya saa mbili hasa. Tofauti hiyo ya saa sita yatosha kumpa mtu dozi mara mbili. Vivyo hivyo neno homa, ambalo kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua na kwa mwingine malaria; na neno tumbo, linaloweza kubeba kila kitu kuanzia kifuani hadi kwenye mfuko wa uzazi. Muuguzi anayeijua lugha hana budi kuuliza swali la pili.

Tarehe za kuzaliwa ni mfano mwingine. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, muuguzi hutakiwa kumtambua kwa mambo mawili, kwa kawaida jina na tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana waliandikiwa tarehe 1 Januari. Katika wodi yenye wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana, tarehe hiyo haiwatenganishi sawasawa, na namba ya jalada ndiyo ya kutegemewa.

Muuguzi au mkalimani?

Mara tu wodi inapogundua kwamba muuguzi mpya anajua Kiswahili, huanza kuitwa huku na huku. Mama fulani katika ghorofa ya tatu haelewi, njoo mara moja. Moyo humsukuma aende, kwani huyo mama ni wa rika la mama yake. Lakini wagonjwa wake watano amewaachia nani?

Sheria ya Marekani iko wazi kuliko desturi ya wodi. Kwa mujibu wa sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumpatia mgonjwa mkalimani mwenye sifa bila malipo, ana kwa ana au kwa simu na video. Mfanyakazi anayejua lugha mbili hatakiwi kutumiwa kama mkalimani mpaka awe amethibitishwa kuwa na uwezo huo na iwe ni sehemu ya kazi aliyopangiwa. Kuzungumza na mgonjwa wake mwenyewe kwa Kiswahili cha kawaida ni jambo moja. Kutafsiri fomu ya ridhaa ya upasuaji kwa niaba ya daktari ni jambo jingine, na makosa yake yanaweza kumrudia yeye.

Kuna pia suala la siri. Jumuiya ni ndogo na habari husafiri upesi. Ibada ikiisha, mzee anayeheshimika humwita muuguzi pembeni na kumuuliza: binti yangu, yule ndugu yetu aliyelazwa anaendeleaje? Kwa desturi, kumnyamazia mzee ni utovu wa adabu. Kwa sheria ya mwaka 1996 ya faragha ya wagonjwa, muuguzi haruhusiwi kueleza hata kwamba mtu huyo yuko hospitalini. Kufungua jalada la jamaa ambaye hakupangiwa kumhudumia, hata kwa nia njema, ni kosa linaloweza kumfukuzisha kazi, na kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya kila aliyefungua.

Adabu ya nyumbani hugongana na kazi kwa namna nyingine pia. Kijana aliyelelewa kutomkatiza mkubwa hutakiwa kumpigia daktari simu saa tisa za usiku na kumwambia kwamba dozi aliyoandika inaonekana kubwa. Hospitali nyingi hufundisha utaratibu unaoitwa SBAR, uliotokana na jeshi la majini la Marekani: eleza hali ilivyo, historia yake, tathmini yako, kisha unachopendekeza. Faida yake kwa muuguzi mpya ni kwamba humpa maneno ya kuanzia bila kuonekana amevunja heshima. Maneno hayo ni bora yaandikwe kwenye karatasi kabla ya kunyanyua simu.

Hofu ya kukosea

Hakuna linalowanyima usingizi wauguzi wapya kama hofu ya kumdhuru mtu. Hofu hiyo iliongezeka mwezi Machi 2022, pale mahakama ya Nashville, katika jimbo jirani la Tennessee, ilipomtia hatiani muuguzi RaDonda Vaught kwa kifo cha mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake mwaka 2017. Mwezi Mei mwaka huo alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu chini ya uangalizi, na leseni yake ilikuwa imekwisha kufutwa. Wauguzi kote nchini walihofu kwamba kesi hiyo ingewafanya watu wafiche makosa badala ya kuyaripoti.

Kentucky ilichukua mkondo tofauti. Mwezi Machi 2024 Gavana Andy Beshear alitia saini sheria inayowakinga watoa huduma za afya dhidi ya mashtaka ya jinai kwa makosa yaliyotokea katika utoaji wa huduma, isipokuwa palipo na uzembe uliokithiri au nia mbaya. Lilikuwa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Kinga hiyo haizuii madai ya fidia wala hatua za bodi ya uuguzi, lakini kwa muuguzi wa South End ina maana kwamba kosa la kweli linaweza kutajwa mapema, mgonjwa akasaidiwa kwa wakati, bila mtoa taarifa kuona gereza mbele yake.

Mshahara wa kwanza na wanaousubiri

Nyuma ya muuguzi mpya kuna watu wengi. Mkopo wa masomo wa serikali kuu huanza kudaiwa miezi sita baada ya kumaliza chuo. Huenda familia bado inalipa deni la nauli ya ndege iliyowaleta Marekani, kwani wakimbizi hutakiwa kurudisha fedha hizo. Uvira au Kakuma wako wadogo wanaosubiri karo. Kwa hiyo posho ya kujiunga na kazi, inayoweza kuwa maelfu ya dola, huwa kishawishi kikubwa.

Posho hiyo kwa kawaida huja na sharti la kukaa muda fulani, mara nyingi miaka miwili, na anayeondoka mapema huweza kudaiwa airudishe. Muuguzi aliyeitumia yote kulipa madeni na kutuma nyumbani hukosa uhuru wa kuondoka mahali palipo hatari kwake na kwa wagonjwa. Wengine hubaki wakiwa wamechoka, huku wakichukua zamu za ziada. Nyumbani husikika akiambiwa kwamba amekwisha fika. Kumbe ndiyo kwanza anaanza.

Kabla ya kutia saini

Mhitimu ana nafasi kubwa zaidi ya kujilinda kabla ya kukubali kazi kuliko baada yake. Katika mahojiano ni haki yake kuuliza, na wala si ufidhuli, maswali yafuatayo:

- Je, kuna programu ya mwaka mzima kwa wahitimu wapya, au ni wiki chache tu za kuzoea kazi?
- Nitakuwa na muuguzi mlezi mmoja au nitabadilishiwa kila zamu? Naye ana wagonjwa wangapi wakati ananifundisha?
- Wodi hii muuguzi mmoja hupewa wagonjwa wangapi mchana, na wangapi usiku?
- Muda wa mafunzo unaweza kuongezwa nikionekana sijawa tayari?
- Posho ya kujiunga ina masharti gani, na nikihamia wodi nyingine ya hospitali hiyo hiyo nitaidaiwa?
- Wafanyakazi wanaojua lugha nyingine hupimwa vipi, na hulipwa nyongeza?

Mwajiri anayejibu maswali haya kwa maandishi anaonyesha kwamba amewahi kuyafikiria. Anayeyakwepa naye ametoa jibu.

Baada ya kuanza kazi, wauguzi waliotangulia hushauri mambo machache: kuuliza kabla ya kutenda pale penye shaka hata kidogo, kuandika kila jambo kwenye jalada wakati ule ule, kulala vya kutosha kati ya zamu za usiku, na kumtafuta mtu mmoja nje ya wodi anayeielewa kazi hiyo. Katika South End mtu huyo hakosekani. Ni dada aliyemaliza miaka mitatu mbele, au jirani wa kanisani au msikitini, ambaye naye aliwahi kukaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali akijiuliza kama arudi ndani. Wauguzi wenyewe wa Marekani wana msemo kwamba wakubwa katika kazi hiyo huwala wadogo zao. Wahitimu wanaozungumza Kiswahili wana kaka na dada wanaoweza kuwafanyia kinyume chake, iwapo wataombwa mapema, kabla ya mwezi wa sita ambao ndio huwa mzito kwa wengi.